Boliti Imebaki Kabatini: Kufunga Mizigo ya Safari Ndefu ya Kuwinda

Kazi yangu kambini ni stoo. Wengine wanawinda, wengine wanachuna, mimi nahesabu viberiti, napima chumvi na kugawa betri. Kwa hiyo hema langu ndilo linalobishiwa hodi giza likishaingia, na ombi huanza vilevile kila mara: "Samahani mama, huna kwa bahati..." Hapo hapo najua kuna kitu kimebaki nyumbani. Hakuna aliyewahi kuniomba bunduki, wala hema, wala begi la kulalia. Wanaomba kamba ya kiatu, miwani ya kusomea, waya wa chaja, kifungua kopo, kikata kucha.

Maombi haya nimeyasikia miaka mingi, hata nikajua yanatoka wapi. Kitu hakisahauliki hivi hivi. Kipo unachokitumia hadi dakika ya mwisho, kwa hiyo hakiwezi kuingia begini mapema. Kipo kinachohifadhiwa mbali na mwenzake. Na kipo ambacho hutakihitaji mpaka wiki ya kwanza iishe, ilhali safari zako zote za nyuma zilikuwa za siku mbili tatu. Ukifunga mizigo huku ukiziwinda sababu hizo, utafika mbali kuliko kunakili orodha ya mtu mwingine, hata hii yangu.

Bunduki na vijukuu vyake

Bunduki yenyewe haisahauliki. Kinachobaki ni boliti, kile chuma chenye mkono unachovuta nyuma na kusukuma mbele ili kuingiza risasi. Watu waangalifu huichomoa na kuifungia mahali pengine, na ni jambo jema, maana bunduki isiyo na boliti haimdhuru mtoto wala haimfai mwizi. Ila uangalifu huohuo ndio unaomfikisha mtu porini akiwa na fimbo ya bei ghali. Magazini ya kuchomoa, yaani kijisanduku kinachokaa risasi, ina tabia hiyohiyo, na ufunguo wa kufuli la sanduku la bunduki usiseme.

Fanya hivi. Hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ni tupu. Ingiza boliti, ingiza magazini, vuta na usukume mara mbili uone vinakubaliana. Kisha vichomoe na uviweke sandukuni muda huohuo, kila kimoja kwenye nafasi yake isiyobadilika. Mtu akikuita katikati ya kazi hiyo, mwache asubiri. Jaribu kila ufunguo kwenye kufuli lake. Mmoja uvae shingoni, wa pili apewe mwenzako wa safari.

Kwenye risasi, soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, halafu ya kwenye boksi, halafu yaliyogongwa kwenye kitako cha ganda. Majina mengine yanakaribiana mno. .308 Winchester, .300 Winchester Magnum na .300 Weatherby Magnum ni risasi tatu tofauti, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa isiyo yako. Angalia pia namba ya toleo kwenye boksi. Risasi za chapa moja lakini za matoleo mawili zinaweza kutua mahali tofauti kidogo kwenye shabaha, kwa hiyo zile ulizorekebishia darubini ndizo uende nazo. Mbali na za kuwindia, ongeza kama 20 za kupimia. Bunduki iliyorushwarushwa njiani haiaminiki mpaka ipige karatasi, na hapo ndipo watu hugundua kwamba karatasi hawana. Beba shabaha kadhaa zilizochapishwa, pini za kuzibania na kalamu nene nyeusi.

Kuna kijimfuko kidogo ninachomwomba kila mgeni akitengeneze kabla hajaja. Ndani yake kuna bisibisi za skrubu za darubini, kitambaa safi cha lenzi, kichupa kidogo cha mafuta, fimbo ya kusafishia mtutu na tepu nyeusi ya fundi umeme. Bisibisi zijaribiwe nyumbani, kwenye skrubu zenyewe. Nyingi za siku hizi ni za kichwa cha nyota, T15, lakini nyingine zina tundu la pembe sita, na bisibisi inayokaribia kuingia ndiyo inayoharibu kichwa cha skrubu. Fimbo iwe inafika mwisho wa mtutu wako, kwani haina kazi ya usafi peke yake: ganda likikwama chembani, hiyo ndiyo italisukuma nje.

Tepu nayo ina hadithi yake. Kipande kimoja juu ya mdomo wa mtutu huzuia tope, mchanga, mvua na theluji visiingie. Huhitaji kukiondoa kabla ya kupiga. Hewa inayosukumwa mbele ya risasi hukipasua kabla risasi yenyewe haijafika, na shabaha haibadiliki. Mtu akianguka na mtutu ukachota udongo, aondoe risasi zote, achomoe boliti, achungulie kutokea nyuma, asukume uchafu kwa fimbo. Asifikirie hata kidogo kuupuliza kwa risasi. Mtutu ulioziba unaweza kupasuka mbele ya uso wake.

Vya masikio ninavyo boksi zima stoo, maana hakuna anayevikumbuka. Mlio wa bunduki kubwa hupita desibeli 140, na kiwango hicho kinaweza kuliumiza sikio kwa mlio mmoja tu. Vile vya sponji vya kuchomeka ni vyepesi kuliko risasi moja, na usiku vinakukinga na mkoromo wa jirani. Wengine hudhani hiyo ndiyo kazi yake kuu.

Kisha kuna unga wa kupima upepo. Mnyama akikunusa, bei ya darubini yako haitakusaidia kitu. Kuna vichupa vya unga vinavyouzwa, lakini jivu laini lililochekechwa, likiwekwa kwenye soksi kuukuu iliyofungwa fundo, linafanya kazi ileile: ligonge kidogo, uone vumbi linaelekea wapi. Anayeomba unga huu ni mmoja wa wachache ninaoweza kuwasaidia papo hapo, jivu halikosekani kambini.

Karatasi na ndege

Leseni, kibali cha kuwinda, cheti cha umiliki wa bunduki, bima, pasi. Beba karatasi zenyewe, nakala za karatasi kwenye begi lingine, na picha zake kwenye simu. Piga picha namba ya bunduki pia, pamoja na namba za darubini. Ofisa akitaka kulinganisha namba na kibali, usilazimike kufungua sanduku la bunduki mbele ya halaiki ili tu uisome. Soma kanuni za eneo unalokwenda mpaka mwisho, maana ndimo mnamojificha mambo kama rangi ya fulana. Sehemu nyingi humlazimu mwindaji kuvaa rangi ya machungwa inayong'aa, na fulana hiyo ya kitambaa chepesi hupotelea kabatini kwa kuwa haitumiki kwingine.

Kwa wanaosafiri kwa ndege, kanuni za kimataifa zinaruhusu risasi hadi kilo 5 kwa abiria, uzito wa vifungashio ukiwemo, kwenye mzigo wa chini. Ni kwa matumizi ya abiria huyo, na huruhusiwi kuchanganya zako na za mwenzako katika kasha moja. Shirika la ndege linaweza kuzikataa kabisa au kudai taarifa mapema, basi uliza kabla ya kukata tiketi. Betri za akiba za lithiamu na pawabenki ni kinyume chake: zinapanda nawe juu, chini haziruhusiwi. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni Wh 100 (wati-saa). Zidisha mAh, ule ujazo ulioandikwa kwenye pawabenki, kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000. Yenye mAh 20,000 inakuwa Wh 74, inapita. Mtungi wa gesi ya jiko haupiti popote, juu wala chini. Panga mapema utaupata wapi ukishatua, na uulize kama mdomo wa mitungi ya huko unaingia kwenye jiko lako. Kisu kiende chini. Umekisahau kwenye koti? Utakiacha mlangoni, na hapo hakuna wa kukuuzia kingine.

Vinavyotumika mpaka asubuhi ya safari

Miwani iko usoni. Dawa ya presha iko kando ya kitanda. Chaja iko ukutani, simu imening'inia hapo. Mswaki, kifaa cha kusikilizia, meno ya bandia kwenye kikombe: hivi vyote haviwezi kufungwa usiku wa kuamkia safari, na asubuhi yenyewe ni giza na gari linanguruma nje.

Kwa vile vya bei nafuu, nunua cha pili na kikae begini mwaka mzima. Waya wa chaja, mswaki, dawa ya meno, miwani ya kusomea ya dukani. Ukirudi nyumbani usivitoe. Kwa vile visivyonunulika mara mbili, andika karatasi moja kwa herufi kubwa, ubandike mlangoni kwa ndani, usawa wa macho, mahali ambapo mkono wako lazima upapitie ili ushike kitasa. Isizidi vitu 6. Ikiwa ndefu hutaisoma.

Miwani ya kusomea ninaisisitiza kwa wote waliovuka umri wa miaka 40, pamoja na wale wanaojisifu kwamba wanaona nyayo kutoka mbali. Kuona mbali si hoja hapa. Utashindwa kumwona kupe mdogo kwenye ngozi yako, kupitisha uzi kwenye sindano, kusoma kipimo cha dawa, au kuona mwiba uliozama kwenye kidole cha mwenzako. Kama unavaa miwani ya daktari, beba ya akiba, hata ile ya zamani iliyopitwa kidogo na macho yako, na nakala ya vipimo.

Dawa unazokunywa kila siku zigawe mara mbili, nusu kwenye begi lako na nusu kwenye begi la mwenzako, kila fungu kwenye kifungashio chake chenye jina. Ongeza za siku chache zaidi ya ratiba, maana mto ukifurika au gari likiharibika, ratiba haitauliza una vidonge vingapi. Barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa hurahisisha maswali mipakani. Na kama jino linakusumbua hata kidogo, nenda ukatibiwe kabla hujaondoka. Nimeona wanaume wazima wakiacha windo zuri kwa sababu ya gego, na stoo yangu haina koleo.

Vya wiki ya pili

Hapa ndipo safari ndefu inapotengana na fupi. Siku ya kwanza mpaka ya tatu kila kitu bado ni kikavu, kikali, kimejaa chaji. Baadaye vitu vinaanza kwisha, kuchakaa na kunuka, na anayekuja kubisha hodi ni yule aliyefunga mizigo ya siku tatu kisha akaongeza chakula peke yake.

Nianze miguuni. Kata kucha za vidole vya miguu siku chache kabla ya safari, si asubuhi ileile, ili ukijikata upone. Kucha ndefu zikigonga ncha ya buti kwenye kila mteremko, zinakuwa nyeusi na mwisho hung'oka. Beba na kikata kucha chenyewe, kwa kuwa wiki mbili zinatosha kuzirudisha. Kamba za akiba za viatu, ndefu kama zile zilizomo. Soli za ndani za akiba, ili moja ikauke wakati nyingine inatembea. Viatu vyepesi vya kambini, miguu ipumue jioni. Plasta ngumu ya kitambaa ya kubandika pale panapoanza kuwaka moto, kabla lengelenge halijatoka. Likishatoka umeshachelewa, ingawa plasta bado itakusaidia kutembea. Buti zikilowa, zijaze nguo kavu au karatasi, badilisha kila baada ya muda, na uziweke mbali na moto. Gundi ya soli huachia kwa joto, nami sina gundi ya kuirudisha.

Mafuta ya mgando, kopo moja dogo. Yanaingia mapajani yanaposuguana, kwenye midomo iliyopasuka, kwenye visigino. Yapake kwenye vipande vya pamba, vifungie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, na una viwashio vya moto vinavyokubali hata kuni zikiwa na unyevu: chambua pamba kidogo, iguse kwa cheche, inawaka dakika kadhaa. Viberiti vya gesi viwe vitatu, sehemu tatu tofauti, kimoja kikiwa mwilini. Kilichoko begini hakikusaidii ukipotezana na begi.

Betri nizungumze kidogo. Ukiweza, chagua vifaa vinavyotumia ukubwa mmoja wa betri na waya mmoja wa kuchajia. Tochi ya kichwani yenye betri za peke yake ni mzigo wa akiba mbili. Betri za kawaida za alkalini hupoteza nguvu nyingi kwenye baridi, za lithiamu za ukubwa uleule hustahimili hadi nyuzi 40 chini ya sifuri na ni nyepesi zaidi. Zitoe betri kwenye tochi wakati wa safari, au geuza moja, ili swichi isiwashwe na begi. Tochi ziwe mbili. Huwezi kubadilisha betri gizani bila mwanga, na kila anayebisha kwangu usiku bila tochi nasikia kwanza akijikwaa kwenye kamba za hema.

Sindano moja nene, uzi wa kusafishia meno (haukatiki kirahisi, na unashona hata mkanda wa begi), tepu pana ya kitambaa iliyozungushwa kwenye chupa ya maji ili isichukue nafasi, gundi kali, viraka vya godoro la kupuliza, waya laini, vibano vya plastiki vya kukaza. Vyote vinaenea kwenye soksi moja. Karatasi ya chooni iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na kuwe na kijikoleo cha kuchimbia: shimo la sentimita 15 hadi 20, umbali wa mita 60 kutoka kwenye maji na kambi. Hili kila mtu analijua na bado kijikoleo kinaazimwa kwangu kila siku.

Mnyama akishaanguka

Watu hufunga mizigo ya kumpata mnyama. Mizigo ya baada ya hapo hawaifungi, ilhali kazi kubwa ndiyo inaanza.

Kisu kinakuwa butu katikati ya mnyama mmoja mkubwa. Manyoya yenye mchanga yanakula makali, mifupa inamalizia. Beba kinoo au chuma cha kunolea na ujue kukitumia, maana kisu butu ndicho kinachoteleza na kukata mkono. Glovu za mpira nyembamba, jozi nyingi, kwa kuwa damu na matumbo ya wanyamapori yanaweza kubeba magonjwa yanayoingia kupitia mchubuko mdogo, kama brusela. Mnyama uliyemkuta amekufa mwenyewe, au anayetoka damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, usimguse wala usimpasue. Hiyo inaweza kuwa kimeta.

Nyama inaharibiwa na joto, unyevu na uchafu. Bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 4 na 60 za Selsiasi, kwa hiyo haraka yako yote ni kuipoza: ngozi itoke, nyama itundikwe kivulini penye upepo. Ndiyo sababu unahitaji kamba ya kutosha, kapi la kuvutia, na mifuko ya pamba inayopitisha hewa na kuzuia nzi kutaga. Mfuko wa plastiki unashikilia joto ndani, nyama moto ikiingia humo inaanza kuharibika kabla hujafika kambini. Foronya za zamani zilizofuliwa bila sabuni ya manukato zinafaa kabisa. Lebo na kalamu isiyofutika, ili kila mzigo ujulikane ni wa nani na wa kibali kipi.

Na chumvi ya kuhifadhia ngozi. Kama kuna ombi linaloniudhi, ni hili, kwa sababu anayekuja kuomba kikombe anahitaji gunia dogo. Kanuni ninayoitumia ni uzito wa chumvi kukaribia uzito wa ngozi mbichi. Ngozi yenye kilo 10, chumvi kilo 10. Iwe laini, siyo ya mawe, kwani chembe kubwa hazigusi kila mahali. Toa nyama na mafuta yote kwanza, geuza masikio, pasua midomo kwa ndani, halafu sugua chumvi mpaka kingo na mikunjo. Tandaza ngozi mahali pa mteremko kidogo ili maji yachuruzike. Baada ya siku moja kung'uta ile iliyolowa, paka nyingine kavu. Usiianike juani wala usiifungie kwenye plastiki. Manyoya yataanza kung'oka kwa mafungu, na hapo hakuna fundi wa kuyarudisha. Chumvi ni nzito, ndiyo. Ipange kwenye gari tangu mwanzo na uipunguzie nafasi kitu kingine, kwa mfano zile jaketi tatu.

Mwili

Sanduku la dawa la kambi lisikufanye uje mikono mitupu. Kila mtu abebe kwake kifungashio kidogo: bandeji ya kukandamiza, kamba ya kukazia kiungo kinachovuja damu kwa nguvu (na ajue kuifunga), plasta, dawa ya kuua vijidudu kwenye vidonda, ya mzio, ya maumivu, ya kuharisha, kibano chenye ncha nyembamba cha kutolea kupe. Kupe unamshika karibu kabisa na ngozi, unamvuta taratibu moja kwa moja, bila kuzungusha wala kumchoma moto. Chumvi ya kuongeza maji mwilini ikikosekana, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 6 vya chai vya sukari, vyote bila kilima, katika lita moja ya maji safi. Chanjo ya pepopunda angalia tarehe yake. Kawaida hurudiwa kila baada ya miaka 10.

Nguo unaweza kuzipulizia permethrini ya asilimia 0.5 siku moja kabla, uzianike mpaka zikauke. Inaua kupe na mbu wanaotua, na inadumu kwa kufua mara kadhaa. Ni ya nguo, si ya ngozi, na iwe mbali na paka wakati bado mbichi. Dawa ya kujipaka ya kufukuza wadudu yenye kemikali ya DEET ni nzuri, ila inayeyusha plastiki na kuchubua rangi. Nawa viganja kabla ya kushika darubini au kitako cha bunduki.

Zoezi la usiku mmoja

Wiki moja kabla ya kuondoka, lala nje ya nyumba yako usiku mmoja ukitumia vya begini tu. Usiingie ndani kuchukua chochote. Kila unachotamani kukichukua, kiandike. Simamisha hema, washa jiko, pika, fungua kopo, jisaidie, badilisha betri, toa dawa, jilaze, amka alfajiri uvae gizani. Watu wananicheka nikiwaambia hili. Lakini kambini hakuna orodha iliyoweza kugundua kwamba vigingi vya hema viliazimwa na shemeji na havikurudishwa, ilhali usiku mmoja wa bustanini unagundua.

Ukiwa na kila kitu mbele yako, shika kimoja kimoja na uulize kinategemea nini. Jiko linategemea gesi na kiberiti. Kopo, kifungua kopo. Ramani ya kwenye simu inategemea chaji na kwamba uliipakua kabla mtandao haujakatika. Hivyo ongeza ramani ya karatasi na dira. Kifaa cha ujumbe wa setilaiti kinategemea malipo ya huduma, nayo yawashwe nyumbani na utume ujumbe wa majaribio. Kile kirushi cha dharura cha masafa ya MHz 406, kinachotuma ishara ya kuomba uokoaji, hakina ada ya mwezi, lakini kinategemea kusajiliwa kwa jina lako na betri ambayo tarehe yake haijapita. Imeandikwa ubavuni, isome. Gari linategemea tairi la akiba lenye upepo, jeki, na kipande cha ubao mpana cha kuweka chini ya jeki kwenye mchanga au tope. Ubao huo ndio unaosahaulika kuliko vyote vya gari.

Mwisho, mtu anayebaki nyumbani. Mwachie karatasi, asitegemee kumbukumbu ya mazungumzo ya mlangoni: majina ya mnaosafiri pamoja, namba ya gari na rangi yake, mahali pa kambi pakiwa na vipimo vya ramani, njia ya kuingilia na ya kutokea, dawa unazotumia na mzio wako, siku ya kurudi. Chini yake andika siku na saa ambayo, asipokusikia, aanze kupiga simu, na ampigie nani kwanza. Wengi huandika siku ya kurudi wakaishia hapo, na aliyebaki anakaa siku nzima akijiuliza kama ni mapema mno kuhangaika. Mwandikie saa kamili, na umwonyeshe karatasi inakokaa.